Kurudia Maneno Si Madharau

Wasee, tuongee ukweli kidogo. Hapa Kenya mtoto akibonga Kiingereza tunasema huyo ni mwerevu. Asipokibonga, tunasema ako chini. Sasa mtoto mwenye usonji anaingia wapi kwa hiyo hesabu?

Mdogo wangu ako Gredi ya 3 katika shule moja huku Sultan Hamud, darasa moja na watoto wengine wote. Ana usonji. Mwalimu akimuuliza, "What is your name?" yeye anajibu, "What is your name?" Darasa linaangua kicheko. Muhula uliopita alitolewa nje mara mbili, eti ana madharau.

Si madharau. Watoto wengi wenye usonji hujifunza lugha kwa vipande vizima. Wanashika sentensi yote vile walivyoisikia, hata sauti yake, kabla ya kuivunja neno kwa neno. Nyumbani akileta kikombe na kusema, "Do you want water?" anamaanisha ana kiu. Hiyo ndiyo sentensi aliyozoea kusikia kabla ya kupewa maji. Susu, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwa "good morning", ndiye aligundua hivyo kabla yetu sote.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kumfundisha mwalimu kazi yake. Na najua darasa limejaa. Lakini hii kitu haihitaji pesa. Badala ya kumuuliza swali, mpe sentensi vile yeye mwenyewe angeisema: "I want water." Halafu nyamaza, uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Usimharakishe. Sisi tulifanya hivyo kwa wiki nyingi. Siku moja akaingia jikoni akasema, "I want chapati." Hiyo ya chapati hakuna mtu alimfundisha.

Siku ambazo maneno hayatoki, tunamchorea picha kwa vipande vya katoni: kikombe, mpira, choo. Anaonyesha kwa kidole. Kuelewa Kiingereza na kukitamka ni vitu viwili tofauti.

Na msiseme hiyo ni kudekeza. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, kile kinachotaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kinaiagiza pia serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Yaani Kiingereza na kadi ya katoni viko kifungu kimoja.

Kwa hivyo kama mdogo wako ako darasa moja na mtoto kama wetu, ongea naye leo jioni. Mwambie asicheke. Swali la jina likija, amnong'onezee mwenzake, "My name is..." halafu angoje. Angoje kabisa.