Taa Nyekundu Si Ugonjwa

Akina mama wenzangu, gari la usharika au la zahanati tunalipanda mara kwa mara, lakini mambo ya dashibodi tunamwachia dereva. Mimi ni muuguzi, si fundi. Hata hivyo nimekaa kiti cha mbele miaka mingi kati ya Kibondo na Kasulu, nami naona kwamba kusoma taa za gari kuukuu hakutofautiani sana na kupokea mgonjwa. Homa si ugonjwa, ni dalili. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa kidonda kilichooza. Taa nyekundu nayo ni dalili. Niliwahi kuona gari ambalo taa hiyo ilifunikwa kwa plasta ili isimsumbue dereva! Ni sawasawa na kumpa mgonjwa vidonge vya kushusha homa na kumrudisha nyumbani bila kumpima.

Huku kwetu magari ya dizeli yamezoeleka tangu nilipokuwa msichana wa shule, wakimbizi wa Burundi walipoingia Kibondo mwaka 1993, na wale wa Kongo walipopokelewa Nyarugusu, Kasulu, mwaka 1996. Lami imepunguza vumbi barabara kuu, lakini njia za vijijini bado ni udongo mwekundu. Vumbi huingia kwenye maungio ya nyaya, mvua ikinyesha unyevu hufuata, na shaba hugeuka kijani. Panya nao hupenda kulala penye joto la injini, na wanapolala hutafuna.

Usiku mmoja wa mvua tulikuwa tunampeleka Kasulu mama mwenye uchungu ambaye mtoto wake alikuwa amelala kukingama. Kabla ya kufika Makere taa ya betri ikawaka. Mama mkwe wake aliniambia, "Nesi, mwambie asisimame!" Dereva wetu, mzee mpole, alisimama.

"Mama, mkanda ukiwa umekatika hatufiki kabisa," alisema.

Nilishika tochi, akafungua boneti huku injini inaunguruma. Katika gari letu mkanda unaozungusha altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri huwaka kwanza, na punde injini huchemka. Mkanda ulikuwepo, tena umekaza. Basi alijua kwamba injini inapoa vizuri ila betri haichajiwi. Alizima feni na redio, akabakiza taa za mbele tu. Injini ya dizeli ya zamani kama ile haichomi mafuta kwa cheche. Ikishawaka inahitaji umeme kidogo sana. Kosa lingekuwa kuizima, kwa maana betri isingeweza tena kuzungusha stata. Tulipokaribia Kasulu mwanga ulikuwa umefifia kama wa kibatari, lakini tulifika. Mama yule alipasuliwa kabla ya kupambazuka, akapata mtoto wa kike.

Asubuhi fundi umeme hakukimbilia kuuza altaneta mpya, na kwa hilo namheshimu. Alipima kwanza. Gari la betri ya volti 12 likiwa linaunguruma, mita husoma karibu volti 14. Letu lilisoma 12 tu. Akafuata nyaya kwa vidole, akakuta mmoja mwembamba, nyuma ya altaneta, umeoza ndani ya ganda lake ingawa kwa nje ulionekana mzima. Aliukata, akauunga upya, mita ikapanda. Altaneta ilikuwa haina ubaya wowote.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama dashibodi kabla ya safari. Ukizungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa ya betri na ya oili sharti ziwake. Isipowaka, usifurahi, huenda balbu imeungua au waya umekatika, na siku ya hatari hutaonywa. Injini ikiwaka, zote mbili zizimike.

Taa ya oili haina mjadala. Zima injini papo hapo, kisha pima oili kwa kijiti chake. Ikiwa oili ipo, katika magari haya ya zamani fundi huchomoa waya kwenye swichi ya oili na kufungulia ufunguo. Taa ikizimika, waya ni mzima. Ama swichi ni mbovu, ama kweli oili haina nguvu, na gari lisiende mpaka ijulikane. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka unagusa bodi.

Kuna pia maradhi yanayochekesha. Unakanyaga breki, na taa za kukatia kona nazo zinawaka kwa mbali. Watu husema gari limerogwa! Mara nyingi ni ethi tu, yaani pale waya unapofungwa kwenye bodi pameshika kutu, umeme ukatafuta njia nyingine ya kurudi. Sugua kwa msasa, kaza nati.

Na fyuzi ikiungua mara mbili, kuna shoti mahali fulani. Wapo wanaoweka kubwa zaidi, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na nyaya zinashika moto badala ya fyuzi. Zetu za akiba, za kipimo kilekile, tunaziweka katika kopo tupu la vidonge, na kopo hilo linakaa pamoja na tochi chini ya kiti changu.