Nyumba ya Kijani

Mimi nilizaliwa kambini Gihembe, kule Byumba. Wazazi wangu walifika pale mwisho wa mwaka 1997, pamoja na wengine waliopona Mudende. Utoto wangu wote niliona ule mlima ukiliwa. Maji ya mvua yalikuwa yanashuka kwenye mapaa, yanakusanyika, yanachimba. Korongo tulilokuwa tunaruka tukienda shule, nilipofika sekondari halikurukika tena, na nyumba zilikuwa zinabaki ukingoni. Mwaka 2021 kambi ikafungwa kwa sababu ya hatari hiyo, watu wakapelekwa Mahama. Sisi tulikuwa tumeshakuja Kigali, tunapanga huku Kinyinya. Mama akasema, "Basi, na mlima tumeachana." Lakini Kinyinya nayo ni mlima.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliua watu zaidi ya 130 upande wa Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda. Kesho yake, tarehe 4, ikawa zamu ya Kalehe kwetu Kongo: Bushushu na Nyamukubi, watu mamia kwa mamia. Tulishinda kwenye simu. Wiki hiyo vijana wa kikundi changu waliniuliza, "Na sisi hapa je?" Sikuwa na jibu.

Baadaye rafiki yetu mmoja anayesoma mambo ya ramani alikuja na kompyuta yake. Akatuonyesha namna ya kunyesha mvua bila mvua. Nitaeleza kama nilivyoelewa. Udongo wa mteremko unashikwa na msuguano, na kunata kwake, na mizizi. Uzito wake nao unauvuta chini. Mvua ikiingia, maji yanajaa kwenye vinafasi vya udongo, yanasukuma chembe ziachane, msuguano unapungua. Kompyuta inachukua nguvu inayoshika, inaigawanya kwa nguvu inayovuta. Jibu likizidi 1, mlima unasimama. Likishuka chini ya 1, unakuja.

Unaiambia: leo inyeshe milimita 30. Halafu 60. Halafu siku tatu mfululizo. Kila mara vyumba vyekundu vinaongezeka kwenye ramani. Vijana walikaa kimya, kila mmoja anatafuta kwao. Kwetu palikuwa njano. Chini kidogo ya kwetu, anapokaa mama mmoja mjane na watoto wake, palikuwa kijani. Kijani maana yake salama.

Mimi nilijua si salama. Nyuma ya chumba wanacholala kuna ukuta wa udongo uliokatwa wima ili nyumba ipate kiwanja. Unanizidi urefu. Rafiki yetu akaelewa kosa liko wapi. Ile ramani ya miinuko ya bure ilipigwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi wa Februari 2000, na kila chumba chake ni mita 30 kwa 30. Ndani ya chumba kimoja zinaingia nyumba kadhaa, choo, na njia. Ukuta wa mita mbili hauonekani. Na mwaka 2000 huenda pale palikuwa shamba tu.

Kwa hiyo tukagawana mtaa. Tulipima kuta zilizokatwa kwa kamba yenye mafundo. Tuliandika maji ya bati yanamwagika wapi, mtaro umeziba wapi. Halafu maswali ya pili, ambayo hayana mlima ndani yake: nani analala upande wa ukuta? Nani hawezi kutembea usiku? Nani hana simu? Rafiki yetu alituambia kwamba hatari ni ya ardhi, lakini kudhurika ni kwa watu, na kompyuta inahitaji vyote viwili. Nyumba mbili chini ya ukuta mmoja haziko sawa kama moja ina kijana wa miaka 20 na nyingine ina bibi asiyeona.

Nilipofika kwa yule mama mjane, alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Nilipotoa kamba akauliza, "Mwanangu, hiyo karatasi inaenda wapi?" Nikasema ni ya kikundi, labda na viongozi wa mudugudu. Akasema polepole, "Basi mimi usiniandike."

Alikuwa na sababu. Hapa Kigali sehemu kama hizi zinaitwa manegeka, na kila mtu anajua kwamba wa manegeka anaweza kuambiwa ahame. Mwenye nyumba ana karatasi ya kiwanja. Mpangaji mkimbizi ana godoro. Nyumba ya bei ile haipatikani tena pale karibu, na watoto wanasoma pale. Kwake yeye udongo ni jambo la labda, kodi ni jambo la kila mwisho wa mwezi.

Sikumwandika. Nikarudi nyumbani, nikamwambia rafiki yetu kwamba nyumba hiyo sikukuta mtu. Ikabaki kijani.

Siku tatu baadaye mvua ilianza saa mbili usiku, ile ya Aprili isiyopumua. Mama alikuwa amelala, mimi nimekaa. Nilifikiri: kesho mtu akifungua ramani hii ataona kijani, na kijani hicho nimekiweka mimi. Saa sita nikachukua tochi, nikashuka nikagonga. Alifungua haraka, hakuwa amelala naye. Tulihamisha kitanda cha watoto kwenye chumba cha mbele, bila maneno mengi. Ukuta haukuanguka usiku ule.

Asubuhi nilimwambia ukweli, kwamba nilidanganya, na kwamba nataka kumwandika. Tukakubaliana hivi: nyumba iingie kwenye hesabu, jina lisiingie, na karatasi isitoke kwenye kikundi kabla wenye nyumba zote nyekundu hawajakaa pamoja na kusema wanataka nini. Jumamosi ya umuganda tulichimba mtaro juu ya ule ukuta, maji yapite pembeni. Kitanda bado kiko mbele.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, najua ramani kama hizi zinasaidia. Kule Cox's Bazar watu wa NASA walizitengeneza kwa ajili ya kambi za Warohingya zilizo juu ya vilima. Mkija nazo kwetu, njoni pia na jibu la swali la yule mama: nikishaonekana mwekundu, naenda wapi? Mkikosa jibu hilo, watu watawaficha kuta zao, na sisi vijana tutawasaidia kuzificha.

Nyumba yake sasa ni nyekundu kwenye kompyuta. Bado anakaa pale. Mvua ikianza usiku, nachukua tochi.