MAIFAI MKOBANI, MLINGOTI MBALI

Likizo ya shule inapokaribia, msomaji, familia nyingi za mjini huanza kupiga hesabu. Kuna nauli, kuna chakula cha njiani, kuna sukari na majani ya chai ya kumpelekea nyanya. Siku hizi hesabu hiyo imeongezeka mstari mmoja, nao ni mtandao. Baba anataka kusoma barua za kazini, mama ana chama chake kwenye WhatsApp, binti wa chuo kikuu ana kazi ya kuwasilisha kwa mhadhiri, na kitinda mimba hali wala halali bila katuni.

Ndipo mmoja wao husema, "Tununue maifai."

Kwa wasioijua, maifai ni kijisanduku kinachoenea kiganjani. Ndani yake huwekwa laini ya simu kama ile unayotumia kupigia. Kijisanduku hicho hunasa mawimbi kutoka kwa mlingoti wa kampuni ya simu, kisha huyatoa kama waifai ili simu na kompyuta zilizo karibu ziyatumie. Aghalabu huweza kuhudumia vifaa kumi hivi kwa wakati mmoja, na kina betri yake ya kuchajiwa.

Je, kinastahili pesa zako? Njia bora ya kulijibu swali hili ni kukipeleka safarini. Nimechagua barabara ya kutoka Nairobi hadi Moyale, mwendo wa takriban kilomita 780, kwa sababu barabara hiyo moja ina kila hali ambayo msafiri wa Kenya anaweza kukutana nayo.

NAIROBI HADI ISIOLO

Ukitoka Nairobi alfajiri utapita Thika, Sagana na Karatina, mji wenye soko lisilolala. Utavuka Ikweta karibu na Nanyuki, kisha uzunguke Mlima Kenya ukiwa mkono wako wa kulia hadi Timau, halafu uteremke kuelekea Isiolo. Hewa hubadilika ghafla. Sweta huvuliwa na madirisha hufunguliwa.

Katika sehemu hii yote miji imekaribiana na milingoti ni mingi. Maifai itafanya kazi vizuri. Lakini, msomaji, simu yako nayo itafanya kazi vizuri vilevile! Simu nyingi za kisasa zina uwezo wa kugawa mtandao kwa wengine, ile huduma ambayo vijana huiita hotspoti. Mama akiiwasha simu yake, baba, binti na kitinda mimba watatumia bando moja bila kununua kifaa chochote.

Tofauti ni nini basi? Ya kwanza ni betri. Simu inayogawa mtandao hupata moto na kuishiwa na chaji upesi, na safari hii ni ya mchana kutwa. Simu ikizima umepoteza mtandao, umepoteza simu ya kumpigia anayekungoja stendi, na umepoteza M-Pesa ya kulipia chakula. Maifai huiachia simu kazi zake za lazima. Hata hivyo, pawabenki moja hutatua tatizo hilohilo, na kwa kawaida bei yake ni nafuu.

Tofauti ya pili ni nafasi. Maifai unaweza kuiweka karibu na dirisha, au juu ya kabati nyumbani kwa nyanya ambako mawimbi hufika vizuri, nanyi mkaketi kwingine. Simu huwezi kuitundika huko kutwa.

ISIOLO HADI MARSABIT

Baada ya Isiolo nchi hufunguka. Huko Archers Post utavuka mto Ewaso Ng'iro, ambao huzipa uhai hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Mbele yako utauona mlima Ololokwe, kilele chake bapa kama meza. Kisha Merille, Laisamis, Log Logo, na mwishowe Marsabit, zaidi ya kilomita 250 kutoka Isiolo. Kabla ya lami kukamilishwa katika miaka ya 2010, wasafiri wengi walipanda juu ya malori na kulala njiani. Leo basi huenda kama linateleza.

Hapa ndipo maifai hupewa mtihani. Ukikaribia mji, mawimbi hupanda. Ukiuacha mji nyuma, hushuka, na kuna sehemu hupotea kabisa. Watu watano waliolipia bando kubwa hukaa wakitazama kijitaa cha kifaa chao kikipepesa.

Tusikilaumu kifaa. Maifai ni mtungi. Mtungi hauzai maji, hubeba tu yale uliyoteka. Pasipo na kisima, mtungi wa bei ghali na mtungi wa bei nafuu yote ni mitupu.

Na kwa nini visima hivi ni haba? Tazama hesabu ya watu ya mwaka wa 2019. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 katika eneo la kilomita mraba 696. Kaunti ya Marsabit ilikuwa na watu 459,785 katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 60,000. Mlingoti mmoja jijini huhudumia maelfu ya wateja wanaolipa kila siku. Mlingoti huohuo kwenye jangwa la Kaisut huhudumia wafugaji wachache na wapita njia, nao huhitaji umeme, ulinzi na mafundi wa kuufikia. Kampuni hujenga penye faida. Ndiyo sababu sheria ya Kenya ilianzisha hazina maalum, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kampuni za simu huichangia ili sehemu zilizosahaulika nazo zifikiwe.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Mahali ambapo kuna mawimbi ya zamani ya 2G pekee, simu ya kawaida bado itapiga, itapokea ujumbe na kutuma M-Pesa. Maifai hapo haina la maana la kukufanyia. Usishangae ukimwona mchungaji mwenye kisimu cha vibonyezo akipokea pesa za mbuzi wake hali wewe mwenye kifaa kipya huwezi kufungua hata picha moja.

Kwa sababu hiyo, muuzaji akikushawishi uchukue maifai ya 5G kwa bei ya juu zaidi, muulize kama atakuja nawe Laisamis. Huduma ya 5G ilianza kuuzwa nchini mwaka wa 2022 na imejikita hasa mijini. Kwa safari kama hii, kifaa cha 4G kinatosha.

MARSABIT NA MOYALE

Marsabit ni mji ulio juu ya mlima katikati ya ukame. Asubuhi ukungu huufunika msitu wake, na maziwa madogo hujificha ndani ya mashimo ya volkano za kale. Hapa ndipo alipoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ajabu, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Karibu na mji kuna visima ambako wafugaji hupanga mstari, wakapokezana ndoo kutoka chini hadi juu huku wakiimba ili mifugo inywe.

Mjini mtandao upo, na familia iliyobeba maifai itaweza kuitumia vyema. Baada ya hapo barabara hukata jangwa la mawe meusi la Dida Galgalu, hupita Turbi, na kufika Moyale, mji uliogawanywa na mpaka, nusu Kenya na nusu Ethiopia.

Hapo Moyale uwe macho. Mawimbi hayaonyeshi pasipoti. Kifaa chako kinaweza kunasa mlingoti wa ng'ambo, na kama laini yako imeruhusiwa kutumika nje ya nchi, utatozwa kwa bei ya nje ukiwa umeketi Kenya ukinywa chai. Zima huduma hiyo kabla hujafika.

MWIZI ALIYE NDANI YA NYUMBA

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe. Bei za maifai hutofautiana sana kulingana na duka na aina, kwa hivyo tuchukue Sh5,000 kwa ajili ya hesabu tu. Familia inayosafiri mara mbili kwa mwaka, na kifaa kidumu miaka mitatu, itakuwa imekitumia kwa safari sita. Kila safari imegharimu Sh833 kabla hata hujanunua bando. Je, kwa pesa hizo usingeweza kununua bando la kutosha na kuligawa kwa simu ya mama?

Lakini gharama kubwa zaidi haiko dukani. Imo ndani ya simu zenu. Simu nyingi hupangwa zitumie data kwa uangalifu zikiwa kwenye laini, na zijiachie zikiwa kwenye waifai, kwa kudhani kwamba waifai ni ya nyumbani na haipimwi. Basi mara tu zinapojiunga na maifai, huanza kuhifadhi picha zote za safari mtandaoni na kusasisha programu, zote kwa pamoja, kimyakimya. Bando la wiki linaweza kumalizika kabla hamjafika Nanyuki, na kila mtu akaapa kwamba hakutumia.

Dawa ipo. Katika kila simu, ingia kwenye mipangilio ya waifai hiyo na uieleze kwamba ni mtandao unaopimwa. Zima usasishaji wa programu hadi mrudi nyumbani. Punguza ubora wa video, kwani saa moja ya video ya kawaida hula chini ya gigabaiti moja ilhali ile ya picha safi sana inaweza kufikia gigabaiti tatu. Badilisha neno la siri lililokuja na kifaa, la sivyo abiria wa kiti cha nyuma atakushukuru bila wewe kujua. Na usikiache kifaa juani kwenye dashibodi, maana joto huua betri.

Yale yanayoweza kupakuliwa mapema, yapakue ukiwa Nairobi: ramani, katuni, vitabu vya masomo. Hayo hayahitaji mlingoti.

MWANAFUNZI AFANYEJE?

Kwa mwanafunzi hesabu ni nyingine. Tuseme wanafunzi wanne wanaoishi pamoja wamenunua kifaa hichohicho cha Sh5,000. Kila mmoja ametoa Sh1,250. Wakikitumia kila siku kwa miaka miwili, ni kama Sh52 kwa mwezi kwa kila mmoja, na bando kubwa la pamoja kwa kawaida huwa nafuu kwa kila gigabaiti kuliko vibando vinne vya rejareja. Hapo maifai imejilipia. Waandike tu mapema ni nani atabaki nayo siku ya kuhitimu, maana urafiki mwingi huvunjika kwa vitu vidogo.

Lakini yuko mwanafunzi mwingine ninayemfikiria zaidi, yule ambaye kwao ni huko kati ya mji na mji. Kuchagua kozi kupitia KUCCPS ni mtandaoni. Kuomba mkopo wa HELB ni mtandaoni. Kuandikisha masomo ya muhula ni mtandaoni. Tarehe ya mwisho haijui kwamba mlingoti uko mbali, na atakayeikosa hataulizwa alikuwa wapi.

Wewe uliye katika hali hiyo, usitegemee kijisanduku. Maliza shughuli hizo kabla hujapanda basi. Ikiwa haiwezekani, uliza wenyeji ni laini ya kampuni gani inayoshika kwenu, kwa sababu mara nyingi ni moja tu. Ukinunua maifai, hakikisha haijafungiwa kampuni moja, ili uweze kubadilisha laini. Kisha tenga siku ya kwenda mjini, na usiiache iwe siku ya mwisho.

Wapo watakaotaja Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka wa 2023. Ni kweli, yenyewe huwasiliana na setilaiti na haihitaji mlingoti wa karibu. Lakini inahitaji anga wazi na umeme, na gharama yake inaanzia mbali na bei ya maifai. Shule, zahanati au ukoo mzima wakichanga, ni jambo la kufikiria. Kwa likizo ya wiki moja, ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha chai.

Basi, msomaji, kabla hujatoa pesa jiulize maswali matatu. Je, ninakoenda kuna mawimbi ya kunasa? Je, simu niliyo nayo haiwezi kuifanya kazi hii? Je, kifaa kitatumika siku ngapi kwa mwaka? Ukijibu ndiyo kwa la kwanza, haiwezi kwa la pili, na siku nyingi kwa la tatu, nunua bila wasiwasi. La sivyo, nunua pawabenki, na pesa zitakazobaki mwongezee nyanya kilo mbili za sukari.