Mali bila Daftari

Wahenga walinena ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili tumelifundisha darasani miaka mingi, pamoja na hesabu za faida na hasara, wala hatukudhani kwamba siku moja litakuwa taa ya kumtafutia mtu wa nyumba yetu wenyewe. Twaandika habari hii kwa idhini yake mwenyewe, naye ametutaka tusipunguze neno kwa ajili ya kumsitiri, wala kwa ajili ya kujisitiri sisi.

Shangazi yetu ni mjane, mkazi wa Muheza, na kazi yake ni kushona nguo za wanafunzi. Kina mama wa mtaa wake walimfanya mweka hazina wa chama chao cha kuweka na kukopeshana, kwa kuwa hapana aliyepata kuona kosa katika hesabu yake. Mwaka 2022 akaanza kupata salamu katika simu kutoka kwa mtu aliyejiita mhandisi wa meli, mgane, mcha Mungu, mwenye kuchoka na upweke wa baharini. Salamu zilikuja asubuhi na jioni, bila kukosa. Siku moja tulipokuwa tukila chakula, shangazi akatuambia kwamba huenda akaposwa. Sisi tukacheka. Ndugu yetu mkubwa akauliza kama huyo bwana harusi anayo meno. Shangazi naye akatabasamu, akaondoa vyombo, na tangu siku ile hakutaja tena habari hiyo mbele yetu. Tukaona kwamba imekwisha. Kumbe haikwisha, bali ilihamia mahali tusipoiona.

Mwezi wa Oktoba, siku ya Jumatatu, mlango wake ukaonekana umefungwa na simu yake imezimwa. Siku ya tatu jirani akatupa ufunguo aliowekewa, tukaingia. Nyumba ilikuwa imefagiwa, na cherehani imefunikwa kitambaa. Juu yake palikuwa na daftari lake la matumizi.

Sasa twaungama kosa letu la pili, baada ya lile la kucheka. Tulikwenda polisi, ndiyo, tukaandikisha kwamba mtu wetu hayupo. Lakini majirani na kina mama wa chama waliotuuliza tuliwaambia kwamba amekwenda kumwuguza jamaa. Tuliona aibu. Tulijiambia kwamba twailinda heshima yake, na kumbe tulikuwa twailinda heshima yetu.

Tukalisoma daftari. Shangazi alikuwa amefungua ukurasa mpya, na juu yake ameandika neno moja, “Safari.” Chini yake palikuwa na hati yake safi: kwanza shilingi 150,000, matibabu ya mhandisi bandarini, kisha 380,000, kusafirisha kifurushi cha zawadi, kisha 620,000, ushuru wa forodha wa kifurushi hicho, kisha 950,000, wakili wa kukitoa kifurushi kilichozuiliwa, na mwisho 1,200,000, hati za ndoa na za kuingia nchini. Jumla yake ni shilingi 3,300,000. Kando ya fungu la mwisho alikuwa ameandika, “Deni langu kwa kina mama.” Chini kabisa palikuwa na mstari huu: “Nauli kwenda Dar es Salaam, 18,000.”

Mstari huo ndio uliotutia hofu kuliko yote. Tulifunua kurasa za nyuma za miaka mingi, tukaona kwamba kila aliposafiri aliandika nauli mbili, ya kwenda na ya kurudi, hata akienda Tanga kununua uzi. Safari hii aliandika ya kwenda tu.

Hapo tukakumbuka habari ya Ufaransa tuliyoisoma zamani. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918, wajane walipokuwa wengi katika nchi ile, mtu mmoja aliyeitwa Henri Désiré Landru alikuwa akitia matangazo katika magazeti ya Paris, akijiita mgane mwenye mali anayetafuta mke. Kumbe alikuwa na mke na watoto wanne. Alijipa majina mengi, akawachumbia wanawake, akajipatia fedha zao na vyombo vyao vya nyumbani. Na tangu 1915 hata mwanzo wa 1919 wanawake kumi na kijana mmoja, mwana wa mmoja wao, wakatoweka. Basi huyu aliyewaficha watu hakuweza kuacha kuandika hesabu. Alikamatwa Aprili 1919, na polisi wakamkuta na daftari dogo alimoandika matumizi yake ya kila siku. Humo zilionekana nauli za gari moshi za kwenda kwenye nyumba aliyoipanga katika kijiji cha Gambais: tikiti moja ya kwenda na kurudi, na tikiti moja ya kwenda tu. Ya kwenda na kurudi ilikuwa yake. Ya kwenda tu ilikuwa ya mwanamke. Maiti hazikuonekana, naye hakuungama hata mwisho. Lakini daftari lile, pamoja na vyombo na karatasi za wale waliotoweka, vilisema mbele ya mahakama ya Versailles mwezi wa Novemba 1921. Tarehe 25 Februari 1922 akauawa kwa hukumu.

Wasomaji wataelewa kwa nini usiku ule hatukulala. Lakini kulipokucha tulikumbuka sehemu nyingine ya habari ile, ambayo watu hawaitaji sana. Landru hakugunduliwa kwa werevu wa mpelelezi peke yake. Jamaa za wanawake wawili, wasiojuana hata kidogo, walimwandikia mkuu wa kijiji cha Gambais kuuliza habari za ndugu zao. Yule mkuu wa kijiji aliona kwamba barua zile zafanana mno, akawajulisha watu hao wao kwa wao. Miaka ilikuwa imepita, kila jamaa ikiona ya kwamba msiba huu ni wake peke yake. Barua mbili zilipowekwa pamoja, ndipo njia ilipoonekana.

Nasi je, barua yetu tulikuwa tumemwandikia nani?

Polisi walikuwa wamefanya kazi yao. Walichukua nakala ya ule ukurasa, wakaomba kumbukumbu za miamala katika kampuni ya simu, nazo zikaja. Fedha za shangazi zilikuwa zimekwenda katika namba nne, na kila mara zilitolewa kwa wakala muda mfupi baada ya kufika. Namba zote zilikuwa na majina ya watu, maana sheria yataka kila laini isajiliwe kwa alama za vidole. Lakini mmoja wa watu hao alikuwa bibi kizee wa kijijini, ambaye hakujua kwamba ipo laini yenye jina lake. Hapo nyayo za fedha zikapotea, kama nyayo za mtu aliyeingia mtoni.

Wiki ya tatu tukaenda kwa kina mama wa chama. Tulisimama mbele yao Jumapili baada ya ibada, tukawaambia yote: mhandisi, kifurushi, fedha zao, na uongo wetu wa kumwuguza jamaa. Wengine walikasirika, na haki yao. Mwenyekiti alinyamaza kitambo, kisha akatoa simu yake. Akasema kwamba Jumamosi mbili zilizopita ameletewa shilingi 15,000, mara mbili, kutoka kwa mtu asiyemjua, bila neno lolote. Alidhani mtu amekosea namba, akaziweka akingoja mwenyewe azidai. Lau tungalisema kweli tangu siku ya kwanza, angalituonyesha zile za kwanza siku zilipoingia.

Tukaipiga ile namba. Aliyeitika alikuwa mwanamke mwenye duka la ushonaji, Mbagala, Dar es Salaam. Akasema, “Ninaye mama mmoja fundi, hasemi sana. Kila Jumamosi nikimlipa huniomba nimtumie mtu fedha.”

Kesho yake tulikuwa Mbagala. Shangazi alikuwa ameinama juu ya cherehani ya watu, na sketi ya mwanafunzi mkononi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, wanangu.” Hakuinua uso. “Mmenifuata mimi, au mmefuata fedha?”

“Tumekufuata wewe.”

“Basi ngojeni nimalize upindo huu.”

Alipomaliza akatueleza. Hakununua tikiti ya kurudi kwa sababu yule mtu aliahidi kwamba watarudi pamoja kwa gari lake. Alikaa uwanja wa ndege tangu asubuhi hata usiku, akitazama kila aliyetoka. Usiku ule ule simu ikaja kudai fedha nyingine, akaizima simu asiiwashe tena. Nauli ya kurudi angaliweza kuipata, ila hakuona namna ya kuupita mlango wa mwenyekiti. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu: shilingi 15,000 kila wiki, wiki 80, ndipo arudi Muheza. “Ningaliwaambia mapema,” akasema, “lakini nilijua mtakavyocheka.” Hatukuwa na la kumjibu, wala hatunalo hata leo.

Twapenda kuwaambia wasomaji kwamba mlaghai yule alikamatwa, lakini hakukamatwa, na zile shilingi 3,300,000 hazikurudi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na jalada lipo. Lakini anayetumia majina ya wengine si mwepesi wa kushikwa. Shangazi alirudi nasi. Kina mama walishauriana siku mbili, wakakubali alipe deni akiwa nyumbani, ila kazi ya hazina wakampa mwingine. Hilo lilimwuma kuliko deni lenyewe, naye alilikubali.

Kwa hiyo twawaasa wasomaji mambo machache tuliyoyanunua kwa bei kubwa. Ushuru wa Serikali hulipwa kwa namba maalumu ya malipo, haulipwi katika simu ya mtu binafsi. Mchumba ambaye kila siku ana sababu ya kutoonekana, na kila wiki ana sababu ya kuomba, si mchumba. Fedha zikiisha kutumwa, kampuni ya simu na polisi waambiwe siku ile ile, na maneno yaliyo katika simu yasifutwe, maana ndiyo ushahidi. Tena, mtu akikuletea habari ya moyo wake, hata akiwa mzee, hata ukiona ya kwamba anadanganywa, usimcheke. Ukimcheka hataacha kupenda. Ataacha kukuambia tu.

Yule mwanamke wa Injili aliwasha taa, akafagia nyumba, akitafuta shilingi yake iliyopotea. Sisi tulifuata shilingi ili tumpate mwanamke. Zile zilizokwenda kwa mlaghai hazikutufikisha popote. Tulifikishwa na zile chache alizokuwa akizirudisha, nazo zilikaa wiki mbili katika simu ya jirani, zikingoja tuseme kweli.

Shangazi ameanza daftari jipya. Juzi alikwenda Tanga kununua uzi, nasi tuliona hati yake: nauli ya kwenda, na nauli ya kurudi.