Daftari la Chafya

Tanga, Jumapili 2 Machi 2025

Mfungo wa kwanza. Niliamshwa kula daku, na kabla sijatia mguu chini chafya zikanishika, moja ikiivuta nyingine, hadi mbavu zikauma na macho yakatiririka. Mke wangu ameshazoea. Alinisogezea leso akaendelea kupakua. Homa sina, koo haliumi, kamasi ni maji matupu. Mafua huja na kuondoka ndani ya wiki moja au mbili, nami hali hii ninayo miaka.

Leo nimetenga daftari la mistari. Nitaandika saa, mahali, nilichokuwa nikifanya, na hali ya hewa. Nitaandika pia saa ambazo pua imetulia. Darasani nawaambia watoto wa kidato cha pili kwamba ukitaka kujua kitu fulani kinaleta nini, angalia na pale ambapo kitu hicho hakipo. Kanuni hiyo sasa naileta nyumbani kwangu.

Alhamisi 6 Machi

Msikitini, kabla ya Isha, nimekaa safu ya pili juu ya zulia. Chafya ya kwanza nikamshukuru Mungu, mzee wa kando yangu akaniombea rehema. Ya pili vilevile, na ya tatu. Zilipozidi akanyamaza, ndivyo tulivyofundishwa: zikipita tatu, huyo ana mafua. Tulipomaliza tarawehe akaniinamia: "Mwalimu, ungepumzika nyumbani mpaka upone." Alisema kwa upole, lakini iliniuma. Tangu corona, mtu anayepiga chafya mbele za watu anaogopwa, na siwezi kumweleza kila mmoja kwamba nilicho nacho hakiambukizi.

Nimeandika: zulia, usiku, mfululizo mrefu, ulizidi kila nilipoinuka kwenye sijida.

Jumamosi 15 Machi

Mama ameshatoa hukumu: ni paka. "Mwanangu, mtoe huyo mnyama. Manyoya yake ndiyo yanayokumaliza."

Shaka yake si ya bure. Wenye mzio wa paka ni wengi, ingawa kinachowasumbua si manyoya yenyewe bali protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka. Akijilamba huipaka mwili mzima, ikikauka hupeperuka na kukaa hewani kwa saa nyingi. Lakini nikifunua daftari naona jioni baada ya jioni paka kalala mapajani mwangu, nasahihisha madaftari, na pua imetulia. Alfajiri, paka akiwa nje, ndipo ninapoteseka. Hilo halimalizi kesi, maana protini hiyo hubaki chumbani hata paka akitoka. Nimemwomba mama anivumilie mpaka nipimwe.

Jumapili 23 Machi

Jambo limejirudia vya kutosha kuniamsha. Stoo ya vitabu ya shule haina dirisha. Nikiwa ndani sipigi chafya, japo vumbi lipo. Nikifungua mlango na kutoka kwenye jua la saa sita, napiga mbili au tatu, kisha basi.

Kumbe hali hii inajulikana tangu zamani. Katika maandishi yaliyohifadhiwa kwa jina la Aristotle mna swali kwa nini jua huleta chafya. Francis Bacon, Mwingereza wa karne ya 17, alijaribu kulitazama jua macho yakiwa yamefumbwa, na chafya hazikuja. Akaona mlango wake ni macho. Leo wataalamu hudhani kwamba ishara ya mwanga humwagikia kwenye mshipa wa fahamu wa uso, ule unaobeba hisia za pua. Watu wenye hali hii hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 18 na 35, na huenda kwa kurithishana. Nikakumbuka marehemu baba, akitoka ndani asubuhi, mkono umekinga uso.

Leo nimefumba macho kabla ya kutoka stoo, nikayafumbua taratibu chini ya mwembe. Sikupiga hata moja.

Jumanne 1 Aprili

Idd pili. Nyumba nzima imefukizwa udi, chetezo kimepita chumba kwa chumba, na wageni wamejipulizia manukato. Pua iliwaka, maji yakatoka, nikapiga chafya. Nilipokaa barazani kupunga upepo, muda si mrefu ikatulia. Alfajiri huwa haitulii hivyo: hata nikihamia sebuleni, chafya hunifuata karibu saa nzima, na kaakaa huwasha. Moshi unaweza kuisumbua pua hata pasipo mzio. Nimepiga mstari kati ya safu hizi mbili za daftari.

Jumatano 16 Aprili, Dar es Salaam

Nimepimwa. Wiki nzima kabla ya safari niliacha vidonge vya mzio, kwa kuwa huficha majibu, na asubuhi za wiki hiyo zilikuwa nzito. Muuguzi alichora alama kwa kalamu mkononi, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, akadondosha tone kwenye kila alama: nyasi, mende, paka, ukungu, na aina mbili za utitiri wa vumbi. Pembeni aliongeza tone la histamini, ambalo lazima livimbe, na la maji ya chumvi, ambalo halipaswi kuvimba. Kisha akachoma juu juu kila tone, bila kutoa damu.

Tulisubiri kama robo saa. Mende, palepale. Nyasi, palepale. Paka, ngozi laini kama haikuguswa. Alama mbili za utitiri zikainuka, nyeupe katikati na wekundu pembeni, zinawasha kuliko ile ya histamini.

Daktari alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. "Mwalimu, una mambo matatu," alisema. "Mzio wa utitiri, pua inayochukia moshi, na jua." Utitiri hauonekani kwa macho. Hula magamba ya ngozi yetu, hunywa unyevu wa hewa, hivyo mwambao huu unaupenda. Kinachotudhuru zaidi ni kinyesi chake. "Unalalia mto gani?"

Mto wa usufi.

Jumamosi 19 Aprili

Mto huo alinijazia mama nilipooa, kwa usufi aliouchambua mwenyewe. Nimechelewa kumwambia hadi leo. Tuliufumua uani, nimefunga barakoa, yeye akiwa na kisu kidogo. Zamani usufi ulikuwa mweupe, unang'aa. Sasa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, umeshikamana mabonge, na kila bonge likipasuka linatoa vumbi laini linaloning'inia kwenye jua.

Mama aliushika kwa muda mrefu. "Kumbe nilikuwa namfukuza paka bure," alisema. Nikamwambia kwamba mto ule umenilaza vizuri miaka mingi, na kilichouharibu ni umri na unyevu, si mikono yake. Ameniomba kitambaa chake cha juu akifue, amshonee mjukuu mkoba.

Jumapili 11 Mei

Masika yamekolea. Mto mpya una mfuko wenye zipu na nyuzi zilizobana. Mashuka yanafuliwa kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 kwenda juu, kwani maji ya baridi hayauui utitiri. Dawa ya kupulizia puani naitumia kila siku, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, ncha ikielekea upande wa sikio, kama nilivyoelekezwa. Haikufanya kazi siku ile ile. Imechukua karibu wiki mbili. Alfajiri za utulivu sasa ni nyingi kuliko za chafya, na ninazijua kwa kuwa nimeziandika.

Jumapili 1 Juni

Nimesoma habari ya msichana wa Uingereza aliyeanza kupiga chafya Januari 1981, akiwa na miaka 12, asipate siku nzima ya kupumzika hadi 16 Septemba 1983. Nilimwonea huruma kwa jambo moja hasa: lazima kila aliyemjua alikuwa na sababu yake ya kumpa. Mwenye maradhi kama haya huzungukwa na washitaki. Ni maziwa, ni feni, ni paka. Kila chafya hupata shahidi, lakini saa ya utulivu hupita bila mtu kuisemea. Ndiyo maana nawasihi wenzangu waandike na saa hizo, kwa sababu ndizo zinazomwokoa asiye na hatia na kumwacha mwenye kosa peke yake.

Jana nilimfuata yule mzee wa safu ya pili, nikamwamkia, nikamweleza yote na kumwonyesha daftari. Akanipeleka mwenyewe kwa kamati ya msikiti. Wamekubali safu ya mwisho itandikwe mikeka ya ukindu badala ya zulia, kwa ajili yangu na wengine wawili waliojitokeza papo hapo kusema nao wanasumbuka. Jumamosi ijayo vijana watayakung'uta mazulia juani, nami nitanunua mikeka.