Randa ya Kuvuta

Randa ya Kijapani huuzwa ikiwa bado haijawa randa. Dukani utapewa kipande cha mwaloni kilichotobolewa na kisu kilichoingizwa nusu, na hakuna atakayekuahidi kwamba kitakata ubao jioni hiyo. Mnunuzi ndiye anayeimalizia. Ananoa kisu, anakilinganisha na mteremko wake hadi kikae bila kucheza, anachonga upande wa chini, kisha anaacha mbao itulie kabla ya kuanza tena. Wajapani wanaiita *kanna*. Mimi nilikwenda hatua moja nyuma zaidi: nilinunua kisu peke yake na kipande cha mbao peke yake, nikaitengeneza ya kwangu katika chumba ninachoishi Kobe, chumba ambacho kitanda kikikunjuliwa hakibaki pa kupita.

Kwa aliyezoea randa zetu, kitu chenyewe kinashangaza kwa vitu ambavyo havipo. Hakuna mkono wa kushikia nyuma wala kitufe cha mbele. Hakuna skrubu. Ni kipande cha mbao cha urefu wa sentimita 29 hivi, unene usiofika sentimita 4, na kisu kifupi kinene kilichochomekwa kwa ulalo. Ukitaka kisu kishuke, unakigonga kichwani kwa nyundo ndogo. Ukitaka kipande, unagonga mbao kwa nyuma. Halafu, badala ya kuisukuma mbele kama wafanyavyo mafundi wa kwetu, unaivuta kuja kwako.

Neno letu lenyewe limetoka mbali. Waajemi wana *rande*, Wahindi wana *randa*, na sisi tumelipokea pwani likapanda bara mpaka Mafinga, mahali nilipozaliwa, ambako lilipata mtoto: maranda. Kila mfuga kuku anayajua maranda. Mimi niliyajua kabla ya kujua kusoma.

Baba yangu ni fundi seremala. Mafinga ni mji wa mbao. Msitu wa Sao Hill uko pale pale, na malori ya paini hupita usiku na mchana. Karakana ya baba ilikuwa nyuma ya nyumba, paa la bati, benchi moja refu. Kaka yangu alifundishwa kazi. Mimi nilipewa ufagio. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kukusanya maranda, kuyatia kwenye kiroba na kuyapeleka bandani kwa kuku wa mama. Nikigusa randa, baba alisema bila ukali, kama mtu anayemwambia mtoto asiguse chungu cha moto: "Weka chini, mama. Wewe utashika kalamu."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameona vidole vya mafundi wenzake vikibaki kwenye mashine, na alikuwa amesikia watu wakisema seremala ni yule aliyefeli shule. Ada yangu ilitoka kwenye makabati na vitanda. Kaka alijifunza, akachoka, leo anaendesha lori la nguzo. Mimi nikasoma, kama ilivyopangwa.

Lakini anayefagia hujifunza kitu. Maranda marefu yanayojikunja kama utepe yalisema kisu kimenolewa asubuhi. Maranda mafupi yaliyovunjika yalisema baba amepiga randa kinyume cha nyuzi, au kisu kimechoka, au yeye mwenyewe kachoka. Siku za mninga kiroba kilikuwa chekundu na kizito, siku za paini kilinukia utomvu. Mama aliniuliza baba ameamkaje kazini, nami nilijibu nikitazama ndani ya kiroba.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya mbao. Napima jinsi mbao inavyonywea inapokauka, kwa mizani inayosoma gramu hadi desimali ya nne. Naweza kukueleza kwa nini ubao hupinda, na kwa nini mbao hunywea zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kutoka kiini kuelekea gome, takriban mara mbili. Nilichokuwa sijawahi kufanya ni kuinyoosha mbao kwa mikono yangu.

Karibu na kituo cha treni cha Shin-Kobe kuna Makumbusho ya Takenaka ya Zana za Useremala. Yalifunguliwa mwaka 1984 na kuhamia pale 2014. Humo nilikutana na seti kamili ya seremala mmoja wa Kijapani kama ilivyoorodheshwa katika uchunguzi wa mwaka 1943: zana 179. Patasi peke yake ni 49, randa ni 40. Nilisimama mbele ya zile randa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu chochote katika nchi hii. Kwenye kabati jingine kulikuwa na randa ya kale zaidi, isiyo na kipande cha mbao, kama mkuki mfupi wenye ncha ya jani. Ndiyo iliyolainisha nguzo za hekalu la Horyuji zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Randa ya kipande cha mbao ilienea Japani baadaye, kuanzia karne ya 15 hivi. Nikawaza: watu hawa wameweka maranda na jasho la mafundi ndani ya jengo lenye viyoyozi, na wanafunzi wa shule wanaletwa kuyaona kwa mabasi.

Kisu nilikipata kwenye soko la hekalu la Toji, Kyoto, ambalo hukusanyika tarehe 21 ya kila mwezi. Yeni 1,800, kutu kila mahali, jina la mhunzi limefutika. Kisu cha namna hii kimeundwa kwa tabaka mbili zilizounganishwa motoni: chuma laini mgongoni, na chuma kigumu chembamba kinachobeba makali. Wahunzi wengi hupenda chuma cha kale cha minyororo na nanga kwa ile sehemu laini. Uso wa chuma kigumu umechongwa bonde katikati, ili unaponoa usihangaike na eneo lote. Ukingo mwembamba tu ndio unaogusa jiwe.

Kisu changu kilikuwa kimenolewa na mtu mwingine kwa miaka mingi hadi ule ukingo bapa ukaisha na bonde likafika kwenye makali. Dawa yake ni moja, na inatisha. Unakilaza kisu kwenye pembe ya chuma, unagonga mgongo wake laini kwa ncha ya nyundo, pigo dogo dogo, hadi chuma laini kitanuke na kusukuma chuma kigumu kwa mbele kidogo, chini ya unene wa karatasi. Ukigonga karibu mno na makali, chuma kigumu kinapasuka na kisu kimekwisha. Nilihesabu mapigo 60 siku ya kwanza. Nikakinoa, nikatazama, nikagonga mengine 40. Mstari mwembamba unaong'aa ulipotokea nyuma ya makali nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu.

Mbao ni mwaloni mweupe wa Japani, mgumu na mzito, uliokaushwa kwa miaka. Upande uliokuwa karibu na gome unawekwa chini, ndio utakaoteleza juu ya kazi. Nilichora kwa penseli pande zote, mteremko wa kisu nikaupa nyuzi 39 hivi, kisha nikaanza kuchimba kwa patasi kutoka juu. Kuta za nyumba yetu ni nyembamba. Nilimwomba jirani, mama mmoja mzee, ruhusa ya kugonga Jumamosi kati ya saa nne na saa sita mchana. Alikubali, na Jumamosi ya tatu alinigongea mlango kuuliza kwa nini leo kimya.

Kuchimba kunachosha mkono tu. Kulinganisha kisu na mteremko ndiko kunakokuchosha akili. Kisu ni kinene juu na chembamba chini, hivyo chenyewe ndicho kabari; hakuna kingine kinachokishikilia ila mifereji miwili ya pembeni. Unapaka mgongo wa kisu risasi ya penseli, unakiingiza, unakigonga taratibu, unakitoa. Palipoacha weusi kwenye mbao ndipo palipoinuka. Unaparura weusi huo kwa patasi, kiasi cha vumbi. Unarudia. Mara ya kwanza nilipata madoa mawili. Mara ya ishirini madoa tisa. Kwenye mara ya hamsini niliacha kuhesabu, na mteremko wote ulikuwa na vidoadoa kama ngozi ya kanga.

Hapo ndipo darasa liliponifaa. Ndani ya mifereji, kushoto na kulia kwa kisu, lazima uache nafasi ndogo. Kisu kibanwe juu na chini, kisibanwe ubavuni. Vitabu vya mafundi vinaagiza hivyo bila maelezo marefu, lakini mimi nilikuwa na jedwali kichwani. Mbao itanywea upana majira ya baridi hewa ikikauka, chuma hakinywei. Asiyeacha nafasi, randa yake hupasuka shavuni yenyewe usiku, juu ya rafu, bila kuguswa. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeandika tarakimu hizo kwenye kompyuta. Sasa zilikuwa na upana, unene wa karatasi mbili, na kama ningezipuuza zingenivunjia kazi ya miezi mitatu.

Upande wa chini nao hauwi bapa kama mtu anavyodhani. Kwa randa ya kumalizia, unaacha sehemu mbili tu ziguse ubao: ncha ya mbele na pale mbele ya mdomo wa kisu. Kwingine unaparura kidogo sana, mwanga upite chini ya rula. Na kwa kuwa mbao haitulii, utaparura tena mvua za Juni zikianza, na tena zikiisha. Mafundi wa hapa hawaoni hilo kuwa kasoro. Wana mkusanyiko uitwao Kezurou-kai, ambako watu hushindana kutoa randa jembamba kuliko yote. Walio bora hushuka chini ya maikroni 10, wakati unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Kabla ya kuvuta wanakagua upande wa chini kama mtu anayetazama anga kabla ya kuanika mahindi.

Randa langu la kwanza lilipotoka nilipiga video, nikaituma nyumbani.

Nilikuwa na sababu. Wiki hiyo mama alikuwa ameniambia, kwa sauti ya chini, kwamba bega la baba limegoma na kwamba mnunuzi kutoka Makambako atakuja mwisho wa mwezi kuchukua vyombo vyote vya karakana. Vyote, pamoja na randa mbili za chuma nilizokatazwa kuzigusa.

Baba alipiga usiku. Huku ilikuwa saa tano, kwao saa kumi na moja jioni.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Nimeona video. Mbona unairudisha nyuma?"

"Ndivyo inavyokata, baba. Inavutwa."

"Kifua kinafanya kazi gani sasa?"

"Hakifanyi. Ni kiuno na miguu."

Akanyamaza, nadhani akijaribu hewani. Kisha akaniambia nimwonyeshe maranda. Nikainua moja mbele ya kamera, vidole vyangu vikaonekana upande wa pili. Baba alisogeza simu karibu mpaka nikaona paji la uso tu.

"Umenolea jiwe la namba ngapi?"

Katika miaka yangu yote hajawahi kuniuliza swali la kazi. Nikamwambia 8,000. Akamwita mama aje asikie: elfu nane! Yeye alitumia jiwe moja, akamalizia kwenye mkanda wa ngozi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu urithi na kumbukumbu. Sikuitumia.

"Baba, usiuze randa."

"Nani atazishika?"

"Mimi."

Kimya kilikuwa kirefu hata nikadhani mtandao umekata. Aliporudi alikuwa amehama, au ndivyo nilivyofikiri.

"Hiyo mbao yako ni nini?"

"Mwaloni. Kwetu ungetumia nini?"

"Mninga hautikisiki, lakini ni laini, utalika mapema chini. Mkongo." Akafikiri. "Nina kipande cha mkongo juu ya dari tangu kaka yako yuko darasa la tatu. Nilikiweka kwa ajili ya kitu, nimesahau kitu chenyewe. Hakijapinda hata kidogo."

"Unyevu wake utakuwa asilimia ngapi?"

"Hilo," akasema baba, "utakuja kupima wewe."

Mnunuzi wa Makambako alikuja na kuondoka na mashine ya kukereza, vibano na benchi. Mama anasema kuna sanduku moja ambalo baba aliliingiza chumbani asubuhi ile kabla mgeni hajafika, na hajasema ni la nini.

Juzi nimechora mchoro mwingine. Mbao za kwetu ni ngumu, kwa hiyo mteremko nimeuinua hadi nyuzi 45. Vipimo vya kisu vipo, upana wa mdomo upo, nafasi za ubavuni nimezikadiria kwa kiangazi cha Mafinga. Mstari wa unyevu nimeuacha wazi.