Masikio ya Kukodi

Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti. Katika saiba za Mombasa mtu alilipia kwa dakika, na ukurasa mmoja wa barua pepe ungeweza kuzimaliza dakika zote kabla haujafunguka. Mwaka huo ndipo mikongo ya chini ya bahari ilipowasili: TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, na SEACOM ulioanza kazi mwezi Julai. Yote miwili ilitua Mombasa.

Miaka michache baadaye, binti mmoja wa Kisauni, mjini humo, aliyemaliza chuo na kuchoka kutuma barua za kuomba kazi zisizojibiwa, alinunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika na kujisajili oDesk, mtandao wa kutafutia kazi za mbali. Mtandao huo ulitangaza kuungana na mshindani wake, Elance, mwishoni mwa 2013, na kufikia 2015 ukaitwa Upwork. Humo alipata kazi ya unukuzi: kusikiliza rekodi na kuiandika neno kwa neno. Mikutano ya makampuni ya Marekani, mahubiri, mahojiano ya watu asiowajua, yote yalipita masikioni mwake.

Kazi hiyo ina hesabu yake. Malipo ni kwa dakika ya rekodi, si kwa dakika ya jasho, na saa moja ya sauti safi humchukua mnukuzi mzoefu kama saa nne. Sauti ikiwa na mwangwi, au watu watatu wakizungumza kwa pamoja, huenda ikala siku nzima. Fedha za kwanza za maana alinunulia pedali ya mguu. Akikanyaga, sauti inasonga; akiinua unyayo inasimama na kurudi nyuma kidogo, vidole visitoke kwenye herufi.

Wateja wake wengi walikuwa New York, ambako saa tatu ya asubuhi ni saa kumi au kumi na moja ya jioni Mombasa, kutegemea majira. Kwa hiyo alifanya kazi usiku na kulala mchana, jambo ambalo mtaani halikueleweka.

"Shoga, nishikie mtoto niende sokoni, wewe si huna kazi?"

"Ninayo, dada. Niko kazini sasa hivi."

"Kazi gani, nawe umekaa kitandani?"

Hata mama yake aliwaambia wageni kwamba binti bado anatafuta. Ugumu mwingine ulikuwa kuzipata fedha zenyewe: kutoka akaunti ya PayPal hadi benki zilichukua siku kadhaa, na makato njiani. M-Pesa ilikuwapo tangu 2007, lakini ni mwaka 2018 tu ndipo Safaricom na PayPal zilipoiunganisha, fedha za PayPal zikaweza kuhamishiwa kwenye simu. Mama alipoona ujumbe wa M-Pesa na ada ya shule ya mdogo wake binti ikalipwa jioni hiyo hiyo, lile neno "anatafuta" likakoma. Majirani walichelewa zaidi. Wao walimwelewa Machi 2020, korona ilipoingia Kenya na maofisa wenye tai wakaanza kufanyia mikutano sebuleni.

Kisha mashine zikajifunza kusikia. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi bila malipo. Kazi za Kiingereza zikapungua, na zilizobaki zikawa za kusahihisha maandishi ya mashine kwa ujira wa chini.

Kilichomwinua ni kile alichokuwa amekidharau: lugha za kwao. Watafiti wa vyuo vikuu waliorekodi akina mama wa Kilifi walihitaji mtu wa kuwasikia wakichanganya Kiswahili, Kigiriama na Kiingereza katika sentensi moja, jogoo akiwika nyuma yao. Katika rekodi moja mama anaulizwa kuhusu huduma ya zahanati. Anajibu, "Nzuri." Halafu anasonya. Mashine iliandika jibu na kuliacha sonyo. Yeye aliliweka kwenye mabano, na mtafiti akarudi kumuuliza yule mama upya.

Tangu hapo amekuwa akipokea kazi kwa jina lake mwenyewe. Husaini hati ya kutunza siri, hufuta faili baada ya kukabidhi, na hulala usiku. Rekodi zikizidi, humgawia binti wa jirani, yule yule mtoto ambaye zamani aliombwa amshike. Mteja mmoja alipomtaka asahihishe maandishi ya mashine kwa bei ya dakika, alimpelekea ukurasa mmoja wenye makosa yaliyozungushiwa wino mwekundu, pamoja na bei mpya kwa saa ya kazi. Mteja akaikubali, na mkataba wake wa pili umeandikwa kwa bei hiyo.